Jinsi ya Kuikagua Ngozi Nyeusi na Kuyatambua Maradhi Yake ya Kawaida

Vitabu vingi vinavyofundisha maradhi ya ngozi hutegemea neno moja: wekundu. Ngozi iliyoungua ni nyekundu, iliyoambukizwa ni nyekundu, iliyopatwa na mzio ni nyekundu, na picha zinazoambatana na maelezo hayo kwa kawaida ni za watu weupe. Mimi ni tabibu niliyefanya kazi katika zahanati za kando ya Ziwa Victoria, kuanzia mashamba ya mpunga ya Ahero hadi mitaa ya Nyalenda na Manyatta mjini Kisumu, na ninasema bila kusita kwamba anayetafuta wekundu kwenye ngozi za watu wetu atapitwa na mengi. Nilipokuwa mwanafunzi, niliwahi kumtazama mzee aliyelalamika maumivu ya mguu, nikaona ngozi yake ina rangi ile ile ya siku zote, nikamwandikia dawa ya kutuliza maumivu. Muuguzi aliyekuwa zamu, mama aliyekaribia kustaafu, alipitisha mgongo wa mkono wake juu ya muundi wa mzee huyo, kisha juu ya muundi wa pili, akaniita nifanye vivyo hivyo. Mguu mmoja ulikuwa moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi, na ngozi yake ilikuwa imekazika na kung'aa. Bakteria walikuwa wameingia ndani ya ngozi na kusambaa. Mzee alilazwa siku hiyo hiyo, akapona, nami tangu hapo nimekuwa nikisoma ngozi kwa mkono kabla ya kuisoma kwa jicho.

Hilo ndilo ninalotaka mzazi, mwalimu wa bweni na mhudumu wa afya ya jamii walishike. Ngozi nyeusi huonyesha ugonjwa wake waziwazi, ila huuonyesha kwa joto, kwa mguso, kwa mpaka wa doa, kwa mahali lilipo na kwa habari za watu wanaolala nyumba moja. Rangi nayo husema, lakini husema kwa zambarau, kwa kijivu, kwa kahawia iliyokolea au kwa weusi uliozidi, na mara chache sana kwa wekundu.

Tabaka za ngozi na kazi zake

Ngozi ya mtu mzima ikitandazwa hukaribia mita 2 za mraba, yaani inazidi kidogo ukubwa wa leso moja. Ina tabaka tatu. La juu, epidemisi, ni jembamba sana kwenye kope na ni nene kuliko kwingine kote kwenye nyayo na viganja. Seli zake huzaliwa chini, husukumwa juu na zinazozaliwa baada yake, hujaa protini ngumu iitwayo keratini, hufa, kisha hubanduka na kwenda na maji ya kuoga. Safari hiyo huchukua takriban wiki 4, na kwa wazee huwa ndefu zaidi. Ukiielewa safari hiyo, utaelewa pia kwa nini dawa ya fangasi huendelea kupakwa hata baada ya mwasho kwisha: ngozi iliyoambukizwa bado haijamaliza kubanduka.

Chini kabisa ya epidemisi hukaa seli zinazotengeneza melanini, ile rangi ya ngozi. Idadi ya seli hizo hukaribiana kwa watu wote duniani, weusi kwa weupe. Tofauti iko katika wingi wa melanini yenyewe, ukubwa wa vifuko vinavyoibeba na jinsi vinavyosambazwa. Melanini hutukinga dhidi ya miali ya jua, lakini seli zake huchokozeka upesi. Ngozi nyeusi inapopata kidonda, chunusi au mwasho wa muda mrefu, seli hizo humwaga rangi kupita kiasi, na sehemu ya rangi hiyo hudondokea tabaka la pili, ambako hukaa miezi mingi na pengine zaidi ya mwaka. Mahali pengine hufanya kinyume, zikaacha kazi kwa muda na doa likabaki jepesi. Doa linalobaki ni kumbukumbu ya ugonjwa uliokwisha pita. Watu wengi huchukua kumbukumbu hiyo kuwa ugonjwa unaoendelea, wakaipaka dawa kali, na dawa hiyo ikawaletea ugonjwa mpya.

Tabaka la pili, demisi, ndilo lenye nguvu ya kuvutika, kwa sababu limefumwa kwa nyuzi za kolajeni. Humo mna mishipa ya damu, neva za kuhisi mguso, maumivu, joto na baridi, mizizi ya nywele, tezi za mafuta, na tezi za jasho zinazohesabiwa kwa mamilioni. Viganja na nyayo havina nywele wala tezi za mafuta, ndiyo maana chunusi hazioti huko. Chini ya demisi kuna tabaka la mafuta, ambalo huhifadhi joto na kupunguza makali ya kugongwa.

Kutokana na mpangilio huu hupatikana kanuni moja ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia bila kifaa. Ugonjwa unaokaa tabaka la juu hubadilisha uso wa ngozi: hutoa magamba, unga, ukavu au kigaga. Ugonjwa unaokaa chini huinua ngozi, huifanya ngumu au moto, lakini uso wake hubaki laini. Ukipitisha kidole na kuhisi ukwaru kama wa ganda la muhogo, ugonjwa uko juu, na mara nyingi dawa ya kupaka itaufikia. Ukihisi nundu au joto chini ya uso laini, dawa ya kupaka pekee huenda isifike.

Namna ya kukagua

Akina mama wa kwetu hawamtoi mtoto nyumbani akiwa amepauka, hasa anapopelekwa hospitali. Mtoto huogeshwa, hupakwa mafuta hadi magoti yanang'aa, kisha huletwa kwangu. Heshima hiyo ninaielewa na ninaipenda, lakini mafuta hulaza magamba, hujaza nyufa na kuifanya ngozi kavu ionekane nzima, na mimi hubaki bila ushahidi. Kwa hiyo siku ya kukagua ngozi, iwe ni kwako au ni kwa mhudumu wa afya, mwogeshe mtoto kwa maji tu na usimpake chochote hadi baada ya kuangaliwa.

Mkagulie karibu na mlango au dirisha wakati wa mchana. Mwanga wa kutoka ubavuni huonyesha vivimbe vidogo ambavyo mwanga wa kutoka juu huvificha. Usiku, tochi iliyolazwa sambamba na ngozi hufanya kazi hiyo. Angalia mwili mzima, si pale anapojikuna tu: nyuma ya masikio, kwapani, katikati ya vidole, kiunoni, matakoni, nyayoni na chini ya kucha. Linganisha upande wa kulia na wa kushoto, kwa maana ngozi ya mtu mwenyewe ndiyo kipimo bora cha rangi yake. Kisha tumia mgongo wa mkono kwa joto, ncha za vidole kwa ukwaru, na kubinya kidogo kwa ugumu. Ukikuta doa, jiulize kama mpaka wake unaonekana wazi au unayeyukia kwenye ngozi nzima, kama katikati pamepona huku ukingo ukiendelea kusonga, kama linawasha, linauma au halina hisia yoyote. Swali la mwisho, ambalo mara nyingi hutoa jibu, ni hili: nani mwingine nyumbani anajikuna?

Upele, ugonjwa wa nyumba nzima

Upele huletwa na mdudu wa jamii ya utitiri ambaye urefu wake haufiki nusu milimita. Jike huchimba kijia ndani ya epidemisi na kutaga mayai humo. Mwasho hautokani na kuumwa. Unatokana na mwili kuukataa uchafu na mayai ya mdudu huyo, na ndiyo sababu mtu anayeupata kwa mara ya kwanza huweza kukaa hadi wiki 6 bila kuhisi chochote huku akiwaambukiza wenzake. Akiupata tena, mwasho huanza baada ya siku chache tu. Katika bweni ambamo wanafunzi hulala kitanda kando ya kitanda na kuazimana fulana na blanketi, kuchelewa huko hutosha kuujaza ugonjwa kabla mwalimu hajasikia lalamiko la kwanza.

Dalili zake hazifichiki kwa anayejua mahali pa kutazama. Mwasho huzidi usiku, mwili unapopata joto la blanketi. Vipele vidogo hukaa katikati ya vidole vya mikono, kwenye vifundo vya mikono, kwapani, kiunoni, kuzunguka chuchu za wanawake na kwenye sehemu za siri za wanaume. Kwa watoto wachanga huweza kushika viganja, nyayo na hata kichwa. Ukitazama kwa makini katikati ya vidole huenda ukakiona kijia chenyewe, kistari kifupi kilichopinda kama uzi wa kijivu.

Mama mmoja alinijia kwa mara ya tatu na mtoto yule yule.

"Daktari, dawa yenu haifanyi kazi. Nimempaka vizuri, amepona wiki moja, sasa ameanza tena."

"Pole sana, Mama. Na wewe mwenyewe ulijipaka?"

"Mimi? Mimi siumwi."

Alipoinua mkono kurekebisha leso, niliviona vipele kwenye kifundo chake.

Dawa ilikuwa nzuri, ila ilitolewa kwa mtu mmoja katika nyumba ya watu sita. Upele hutibiwa siku ile ile moja kwa kila mtu anayelala nyumba hiyo, awe anajikuna au hajikuni. Krimu ya pamethrini ya asilimia 5 hupakwa usiku kuanzia shingoni hadi nyayoni, katikati ya vidole na chini ya kucha pia, ikaachwa kwa saa 8 hadi 14, kisha huogwa. Baada ya wiki moja hurudiwa. Mtu akinawa mikono usiku, ajipake tena mikononi. Kwa mtoto mchanga mpangilio hutofautiana, kwa hiyo apelekwe zahanati kwanza. Dawa ya benzili benzoeti nayo hutumika na ni ya bei nafuu, ingawa hukereketa, na kwa watoto huchanganywa na maji kwa kipimo atakachoeleza mtoa dawa. Nguo, shuka na taulo zilizotumika siku za karibuni zifuliwe kwa maji moto na kuanikwa juani. Zisizofulika zifungwe kwenye mfuko wa plastiki kwa siku 3 au zaidi, kwa kuwa mdudu huyu hawezi kuishi muda mrefu nje ya mwili wa binadamu. Mwasho unaweza kuendelea kwa wiki 2 hadi 4 baada ya wadudu wote kufa. Usiupake mwili dawa tena na tena kwa sababu hiyo.

Upele usidharauliwe kwa kuwa ni wa kawaida. Vidonda vya kujikuna huingiwa na bakteria, na baadhi ya bakteria hao huweza kusababisha madhara kwenye figo wiki chache baadaye. Mtoto mwenye upele aliyevimba uso asubuhi, au anayekojoa mkojo wa rangi ya chai ya rangi, apelekwe hospitali siku hiyo.

Choa, mashilingi na krimu za dukani

Ugonjwa wa choa, ambao watoto wengi huuita mashilingi kwa sababu ya umbo lake la sarafu, huletwa na fangasi wanaokula keratini. Mwilini huonekana kama duara lenye ukingo ulioinuka na wenye magamba, huku katikati pakiwa pamepoa. Duara hilo hupanuka kuelekea nje kwa sababu fangasi husonga palipo na keratini mpya. Krimu ya klotrimazoli, ikipakwa mara mbili kwa siku na kupitishwa sentimita moja au mbili nje ya ukingo, kisha ikaendelezwa kwa wiki moja au mbili baada ya doa kutoonekana, hutosha kwa walio wengi.

Kichwani hali ni tofauti. Nywele hukatika karibu na ngozi, vikabaki vidoti vyeusi na viraka vyenye unga, na hapo krimu haifai kitu kwa sababu fangasi wako ndani ya mzizi wa nywele, ambako krimu haifiki. Mtoto huhitaji vidonge kama griseofulvini au tabinafini kwa wiki kadhaa, kwa kipimo cha uzito wake. Mashine ya kinyozi isiyosafishwa kwa spiriti kati ya kichwa kimoja na kingine huusambaza ugonjwa huu, na si vibaya kumwomba kinyozi aisafishe mbele yako kabla ya kumnyoa mtoto. Kinyozi mwema hatakasirika.

Hapa sina budi kusema kwa uchungu juu ya krimu zenye steroidi, kama zile za betamethasoni na klobetasoli, zinazouzwa bila kuulizwa swali lolote. Steroidi hutuliza mwasho ndani ya siku mbili, mgonjwa akafurahi. Lakini dawa hiyo inapozima mwasho, huzima pia ulinzi wa ngozi, na fangasi hupata uhuru wa kutapakaa. Duara hupoteza ukingo wake, magamba hupungua, na ugonjwa huvaa sura ambayo hata tabibu hupata shida kuitambua. Baadhi ya krimu huchanganya steroidi, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria katika tyubu moja, na ndizo nyingi ninazoletewa. Steroidi hizo hizo, pamoja na haidrokwinoni na zebaki, huingizwa kwenye mkorogo wa kujichubua, licha ya kwamba Kenya imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Ngozi ya uso huwa nyembamba, mishipa ya damu ikaonekana, chunusi zikazidi, na weusi ukarudi kwa mabaka. Zebaki huenda mbali zaidi, ikadhuru figo.

Ukurutu

Ukurutu, au pumu ya ngozi, ni udhaifu wa ukuta wa epidemisi: maji hutoka upesi na vichokozi huingia kwa urahisi. Hukaa kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, na kwa watoto wachanga hushika mashavu. Mara nyingi ukoo una mtu mwenye pumu ya kifua au mafua ya mzio. Kwenye ngozi nyeusi hauonekani kama baka jekundu. Huonekana kama vipele vingi vidogo vilivyoota palipo na vinyweleo, au kama ngozi ya kijivu iliyokuwa nene na kukunjamana kwa kukunwa. Mpaka wake huyeyuka polepole kwenye ngozi nzima, tofauti na choa chenye ukingo.

Matibabu yake makuu ni mafuta mazito yasiyo na manukato. Mwogeshe mtoto kwa maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, tumia sabuni isiyonukia na palipo na uchafu pekee, mkaushe kwa kumgusagusa na taulo bila kumsugua, na umpake mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Vaselini ya kawaida inatosha. Steroidi ina nafasi yake hapa, kwa kipimo na kwa muda atakaopanga tabibu, na tofauti hiyo ya kupangiwa ndiyo inayoifanya iwe dawa. Chunusi nazo huhitaji uvumilivu zaidi kuliko dawa nyingi. Zisibinywe, na zile zinazoacha makovu zionwe mapema.

Madoa mepesi, na jaribio la pamba

Joto na unyevu wa Kisumu huwapenda fangasi wanaoleta madoa ya mba kifuani, mgongoni na shingoni, ambayo wengine huyaita utangotango. Huwa mepesi au ya kahawia, na hayawashi sana. Ukiivuta ngozi ya doa kwa vidole viwili, unga mwembamba hujitokeza juu yake, na hicho ni kitambulisho chake. Dawa yake huua fangasi katika wiki chache, lakini rangi huchukua miezi kurudi. Madoa mepesi ya mashavuni mwa watoto, yasiyo na mpaka wa wazi na yenye ukavu kidogo, huwatia wazazi hofu ya minyoo au ya utapiamlo. Kwa kawaida ni aina nyepesi ya ukurutu na hutoweka yenyewe kwa kupakwa mafuta. Mabaka meupe pepepe kama maziwa, yasiyo na magamba, yanayozunguka midomo, macho au vidole, ni vitiligo: seli za melanini zimeharibiwa na kinga ya mwili wenyewe. Hayaambukizi hata kidogo.

Doa jepesi ambalo halipaswi kupita bila jaribio ni lile la ukoma. Ugonjwa huu haujaisha nchini. Wagonjwa bado hupatikana kaunti za kando ya ziwa na za pwani, na Alupe, katika Kaunti ya Busia, pamejulikana kwa miaka mingi kama mahali pa kuwahudumia wagonjwa wake. Bakteria wa ukoma huzishambulia neva, kwa hiyo doa lake hupoteza hisia. Chukua pamba, isokote ncha yake iwe nyembamba kama uzi. Mweleze mgonjwa utakachofanya, uiguse ngozi nzima kwanza akiwa anatazama, naye aonyeshe kwa kidole mahali ulipogusa. Kisha afumbe macho. Gusa hapa na pale kwenye ngozi nzima, gusa katikati ya doa, rudi kwenye ngozi nzima, bila mpangilio anaoweza kuukisia. Akionyesha sawasawa kila mahali isipokuwa kwenye doa, usimtie hofu. Mpeleke kituo cha afya wiki hiyo. Dawa za ukoma hutolewa bure, hunywewa kwa miezi 6 au 12, na mtu huacha kuambukiza muda mfupi baada ya kuanza kuzimeza. Vidole vilivyopinda na nyayo zenye vidonda ni matokeo ya kuchelewa.

Funza, malengelenge na mwasho wa ziwani

Funza huwatesa watu wa Vihiga, Kakamega, Siaya na Busia, hasa wanaolala kwenye sakafu ya udongo wenye vumbi kavu. Kiroboto jike huingia kwenye ngozi ya mguu, huvimba hadi ukubwa wa punje ya dengu au mbaazi, na hubakiza nje ncha yake ya nyuma, ambayo ndiyo kile kidoti cheusi kilicho katikati ya uvimbe mweupe. Kumchokoa kwa pini au mwiba unaopokezanwa huleta pepopunda, na huweza kuleta virusi vya homa ya ini na vya UKIMWI. Mafuta mepesi ya dimethikoni, yakidondoshewa juu ya kidoti hicho, humziba pumzi akafa na kubanduka mwenyewe. Miguu pia hulowekwa katika maji yenye potasiamu pamanganeti kidogo, kwa maelekezo ya mhudumu wa afya. Mafuta ya taa na dawa za kuogeshea mifugo havifai kwa ngozi ya binadamu. Sakafu inyunyiziwe maji na kusiribwa mara kwa mara, miguu ioshwe kila jioni, na mbwa na nguruwe wasilale ndani. Aibu wanayotupiwa watoto wenye funza shuleni ni ukatili, kwa sababu chanzo kiko kwenye sakafu.

Wakati wa mvua hutokea mtu akaamka na mstari wa malengelenge yanayochoma shingoni, kana kwamba amepigwa fimbo ya moto. Huo ni mwunguo wa ngozi unaoletwa na Nairobi flai, mdudu mwembamba wa rangi nyeusi na ya chungwa ambaye haumi wala hachomi. Sumu yake iko ndani ya mwili, humwagika anapopondwa, na ngozi huungua baada ya siku moja au mbili. Mpulize aondoke, usimpige. Na ukishampondea mwilini, osha papo hapo kwa sabuni na maji mengi. Wengi huuchanganya ugonjwa huu na mkanda wa jeshi. Mkanda wa jeshi hutanguliwa na maumivu makali kwa siku kadhaa, hufuata njia ya neva moja kutoka mgongoni kuja mbele, na hauvuki mstari wa kati wa mwili. Dawa yake hufanya kazi vyema ikianzwa ndani ya saa 72, na mtu aliyeupata akiwa bado kijana apimwe virusi vya UKIMWI. Malengelenge ya mtoto yanayopasuka na kuacha kigaga cha rangi ya asali kuzunguka pua na mdomo ni maambukizi ya bakteria, na huambukizana upesi shuleni.

Wavuvi, wachimba mchanga na waosha magari wa ufuoni wanajua mwasho unaoanza muda mfupi baada ya kutoka majini. Ni viluwiluwi vya kichocho vinavyopenya kwenye ngozi. Mwasho hupita ndani ya siku chache. Kichocho chenyewe hubaki tumboni, kwa hiyo anayeingia ziwani kila siku apimwe na kupewa prazikwanteli hata kama ngozi yake imetulia.

Yasiyosubiri

Saratani ya ngozi huwapata watu weusi pia, na huwapata mahali wasipotazama. Melanoma, yaani saratani ya zile seli zinazotengeneza melanini, kwetu hupendelea nyayo, viganja na chini ya kucha. Mwanamuziki Bob Marley aligunduliwa nayo chini ya ukucha wa kidole cha mguu mwaka 1977, akafariki mwaka 1981 akiwa na umri wa miaka 36. Doa jeusi la unyayoni linalopanuka, au mstari mweusi wa ukucha unaozidi upana na kuipaka rangi ngozi iliyo karibu, lionwe na daktari. Vivyo hivyo mabaka ya zambarau au meusi, magumu, yasiyowasha, yanayotokea miguuni au kwenye kaakaa la mdomo, kwa kuwa huenda ni saratani ya Kaposi, ambayo inajulikana sana eneo hili la magharibi. Mtu mwenye ualbino hana mwavuli wa melanini. Kwake kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja, hasa usoni, masikioni au shingoni, ni cha kupelekwa hospitali, na kofia pana, mikono mirefu na krimu ya kukinga jua ni mahitaji ya kila siku.

Tangu Kenya ilipothibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa mpoksi mwezi Julai 2024, vipele vigumu vyenye kishimo katikati, vinavyouma na kuja na homa na mitoki, vinapaswa kuripotiwa, hasa kwa watu wanaopita miji ya mpakani.

Safari ya usiku ule ule ni kwa hali hizi. Ngozi inayobanduka au kutoka malengelenge baada ya mtu kuanza dawa mpya, pamoja na vidonda vya mdomoni na machoni: acha dawa hiyo na uende hospitali nayo. Mguu au uso ulio moto, unaouma na kuvimba kwa kasi, mgonjwa akiwa na homa. Midomo na ulimi kuvimba huku pumzi ikibana. Mtoto mchanga wa wiki chache mwenye malengelenge au usaha mwingi. Na homa pamoja na vidoti vyeusi au vya zambarau ambavyo havifutiki ukivikandamiza kwa ubavu wa gilasi angavu. Kwenye ngozi nyeusi vitafute viganjani, nyayoni, ndani ya kope na kwenye kaakaa.

Kwa mengine yote, nenda ukiwa umejiandaa. Andika tarehe doa lilipoanza na mahali lilipoanzia. Lipige picha kwa simu mchana, kila baada ya siku tatu, na sarafu ya shilingi kando yake ili ukubwa ulinganishwe. Beba kila dawa uliyokwisha kuipaka, hata ile tyubu iliyokamuliwa ikaisha na iliyofutika maandishi, hata majani ya mti aliyoyaleta nyanya kutoka shambani, kwa sababu mara nyingi huwa naanza kusoma ngozi kwa kuisoma ile tyubu.